Msafara wa baiskeli Pugu na Kisarawe: upangwe kwa kumfikiria mtu wa mwisho

Ukitoka katikati ya Dar kwa Barabara ya Nyerere, ukapita uwanja wa ndege na Gongo la Mboto, mwinuko wa kwanza wa maana unakukuta Pugu. Reli ya kati, ambayo ujenzi wake ulianzia Dar 1905 na kufika Morogoro 1907, ilibidi ipenye humo humo. Kwa kimo, vilima hivi ni vya kawaida: karibu mita 300 juu ya usawa wa bahari, wakati milima ya Uluguru inapita mita 2,600. Ndiyo maana watu wenye miguu mizuri ya lami huvidharau, kisha wanaishiwa nguvu kabla ya nusu ya safari.

Sababu ni kwamba Pugu na Kisarawe hakuna mlima mmoja mrefu wa kukaa kwenye gia moja na kupanga pumzi. Unapanda dakika tatu au nne kwa nguvu zote, unashuka kwenye korongo, unakuta mchanga chini, unapanda tena. Kila mpando una udongo wake. Juu ya hapo kuna joto la pwani na unyevu wake, jasho halikauki mwilini. Na kuna vinjia: vya wakulima, vya wakata kuni, vya bodaboda, vinaachana na kukutana kila baada ya mita mia kadhaa. Kundi la watu kumi na wawili linaweza kukatika vipande vitatu ndani ya dakika kumi bila yeyote kujua.

Kwa hiyo tunaamini jambo moja, na mengine yote hapa chini yanatokana nalo: msafara wa njia za vumbi upangwe kwa kumfikiria mtu wa mwisho. Umbali, saa ya kuondoka, maji, vipuri na vituo, vyote vipimwe kwake. Mwenye kasi ana siku nyingine za kukimbia.

Msimu, saa na usafiri wa kufika

Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba. Ardhi imekauka, asubuhi kuna ubaridi kidogo. Januari na Februari kunapandika, ila joto linakata umbali: njia ambayo Julai ni ya kilomita 40, Februari ifanye 25. Masika, yaani Machi hadi Mei, achana na njia za mfinyanzi kabisa. Vuli inategemea wiki. Mvua ya jana usiku ina uzito kuliko utabiri wa mwezi.

Muwe mmeanza kunyonga pedeli jua linapochomoza, kati ya saa 12 kasoro dakika chache na saa 12 na nusu na ushee kulingana na mwezi. Lengo ni kwamba saa 4 asubuhi sehemu ngumu zote ziwe nyuma yenu, na saa 5 mko kwenye lami au kivulini. Mkiahirisha kuondoka kwa saa moja mkimsubiri aliyechelewa, saa hiyo anakuja kuilipa mtu wa mwisho, tena kwa jua la saa 6.

Barabara ya Nyerere gizani hatuishauri. Malori ya mizigo yanaanza mapema na pembezoni hakuna nafasi. Afadhali kukodi kirikuu, yaani gari dogo la mizigo, mkapakia baiskeli na kushukia Pugu Kajiungeni au Kisarawe mjini. Kirikuu kimoja kinabeba baiskeli nane hivi zikipangwa vizuri: moja iangalie mbele na inayofuata nyuma, upande wa cheni usigusane na fremu ya jirani, katikati mablanketi au maboksi yaliyokunjuliwa, kisha kufungwa kwa mipira ya tyubu kuukuu. Usifunge kwa kamba ya katani iliyokazwa juu ya waya za gia.

Mkitoa magurudumu ya baiskeli zenye breki za diski za mafuta, wekeni kipande cha boksi gumu katikati ya pedi. Mtu akibonyeza mkono wa breki gurudumu likiwa nje, pistoni zinasogea ndani na pedi zinabanana. Mkifika, diski haiingii. Ikishatokea, penyezeni kitu bapa cha plastiki au mbao katikati mkizisukuma taratibu kurudi. Bisibisi ya chuma inakwaruza pedi, na pistoni za kauri zinaweza kupasuka.

Udongo unaamua tairi

Eneo hili lina aina tatu za ardhi zinazobadilishana bila taarifa. Juu ya migongo ya vilima kuna udongo mwekundu wenye changarawe, mgumu wakati wa kiangazi, wenye punje zinazobingirika chini ya tairi kama gololi. Mabondeni kuna mchanga mweupe tifutifu. Na Pugu kuna kaolini, ule mfinyanzi mweupe unaochimbwa huko. Kaolini kavu inapitika vizuri kabisa. Ikilowa, inashika tairi, inajaza nafasi kati ya tairi na foku (uma unaoshika gurudumu la mbele), na baada ya mita hamsini gurudumu linagoma kuzunguka.

Hapo ndipo baiskeli nyingi huharibika, na uharibifu unatokana na ubishi. Mtu anahisi uzito, anakanyaga kwa nguvu zaidi. Tope lililojaa kwenye kibadili gia cha nyuma linakivuta mbele, na kisikio cha aluminiamu kinachokishikilia kwenye fremu kinapinda au kukatika. Kisikio kimeundwa kuwa dhaifu makusudi ili fremu ipone, kwa hiyo hakitakuvumilia. Ukiona tairi imevaa tope unene wa kidole, shuka. Kwangua kwa kijiti kwenye foku, kwenye breki na kwenye vile vigurudumu viwili vidogo vya kibadili gia. Beba baiskeli begani hadi kwenye nyasi. Kuisukuma kwenye tope hilo hilo ni kulizungusha lijae upya.

Tairi ya upana wa inchi 2.1 hadi 2.4 inatosha kila mahali. Tairi nyembamba za milimita 40 zinapita pia, ila mchangani mwenye nazo atatembea, kundi lilijue hilo mapema. Kuhusu upepo, mtu wa kilo 70 mwenye tairi ya inchi 2.2 na tyubu aanze na psi 28 mbele na 31 nyuma. Kila kilo 10 zaidi, aongeze kama psi 2. Asiyetumia tyubu ashuke hadi 22 au 24 mbele na 25 nyuma. Wengi Dar hujaza hadi 50 kwa sababu fundi wa pembeni mwa barabara hujaza tairi mpaka iwe ngumu kama jiwe. Kwa lami inavumilika, ila kwenye changarawe baiskeli inaruka ruka, inakosa mshiko, na mikono inachoka kabla ya miguu.

Upepo ukiushusha mno ukiwa na tyubu, shida nyingine inaingia: jiwe linaigandamiza tyubu kwenye kingo za ringi na kuacha matundu mawili yanayokaribiana. Ukitoa tyubu ukakuta matundu pacha, usitafute mwiba. Ongeza psi 3 uendelee. Ukikuta tundu moja, mwiba upo, na usipoupata utatoboa tyubu ya pili kabla ya kilomita moja. Miiba ya kawaida inatokana na michongoma iliyopunguzwa uani na matawi yake kutupwa njiani. Zungusha kitambaa ndani ya tairi, kitanasa pale mwiba ulipo. Kidole kitupu kinachomwa, na mara nyingi kinaupita ule uliovunjikia ndani ya mpira.

Wasiotumia tyubu wakumbuke kwamba yale majimaji ya kuziba hukauka, na kwa joto la Dar hukauka mapema. Tairi ya inchi 29 inahitaji kama mililita 100. Itikise baiskeli sikio likiwa karibu na tairi. Kama husikii chochote kikichezacheza ndani, umebaki na ngozi kavu tu.

Kuliweka kundi pamoja

Kundi moja lisizidi watu 12. Mkiwa 20, gawanyikeni makundi mawili yenye viongozi wawili, la pili liondoke robo saa baadaye au lishike njia tofauti. Kila kundi liwe na kiongozi wa msafara anayeijua njia, na mfunga msafara anayejua kutengeneza baiskeli. Mfunga msafara asiwe mtu dhaifu aliyeachwa nyuma. Awe mmoja wa wenye nguvu kuliko wote, kwa sababu yeye ndiye atakayesimama kuziba pancha ya mwenzake kisha alifikie kundi. Avae fulana ya kiakisi ya rangi ya machungwa au njano, peke yake katika kundi zima. Rangi hiyo ina kazi maalumu.

Kazi yenyewe ni hii. Kila njia panda, kiongozi anapokata kona, mtu wa pili anasimama hapo hapo. Huyo ndiye mshika kona. Anasimama upande wa njia sahihi, mahali anapoonekana tangu mbali, na kila anayefika anamwonyesha kwa mkono ulionyooka. Haondoki mpaka aione fulana ya kiakisi. Mfunga msafara akifika, mshika kona anaingia mbele yake na safari inaendelea. Njia panda inayofuata, aliyekuwa wa tatu sasa ni wa pili, anasimama yeye. Hivyo kila mtu anapata zamu, kiongozi hahitaji kusimama kila kona, na hakuna anayelazimika kuijua njia isipokuwa mmoja.

Utaratibu huu ni rahisi, na bado unavunjika, karibu kila mara kwa njia zile zile. Kwanza, mshika kona anahesabu watu kichwani, anadhani wameisha, anaondoka. Marufuku kuhesabu, anayesubiriwa ni fulana. Pili, anakwenda kukaa chini ya mwembe mita thelathini kutoka kona kwa sababu jua ni kali. Wanaopita hawamwoni, wanafuata njia pana, na njia pana mara nyingi ndiyo ya bodaboda inayoelekea kwingine kabisa. Tatu, watu wawili wanapiga soga huku wakishuka kwa kasi, wanampita mshika kona bila kumwangalia. Mshika kona apige filimbi. Filimbi ya shilingi chache shingoni mwa kila mtu ina faida kuliko simu, kwa kuwa mabondeni mtandao unakatika.

Hesabu nyingine ya kuzingatia: katika kundi la watu 10, ukitoa kiongozi na mfunga msafara, wamebaki washika kona 8. Mfunga msafara akikwama na pancha, kiongozi akaendelea kukata kona, watu wanamwishia. Kwa hiyo kiongozi akishaweka washika kona wanne bila hata mmoja kurudi, asimame. Asimame pia juu ya kila mpando mrefu, na asiondoke mara mtu wa mwisho anapofika. Kosa hili linaumiza sana: wenye kasi wamepumzika dakika nane, wanamwona wa mwisho anafika akihema, wanasema "haya twende". Aliyehitaji mapumziko kuliko wote hajapata hata dakika moja. Saa ya mapumziko ianze kuhesabiwa mtu wa mwisho akishashuka kwenye baiskeli na kunywa maji.

Na kabla ya kuondoka mkubaliane la kufanya mtu akijikuta peke yake. Kanuni yetu: asiendelee mbele. Arudi kwa njia aliyojia hadi njia panda ya mwisho aliyokuwa na uhakika nayo, akae hapo. Kundi nalo likigundua pengo, linarudi kwa njia ile ile. Wakikisia kila upande kwa wake, watazungukana asubuhi nzima.

Kupanda

Badili gia kabla mwinuko haujaanza. Cheni ikihamishwa ikiwa imebeba uzito wote wa mguu, inaruka meno au inakatika pini. Ukichelewa, kanyaga mara moja kwa nguvu, legeza pedeli nusu mzunguko, badilisha gia ndani ya huo ulegevu. Kwa baiskeli yenye spoketi moja mbele, meno 32 mbele na 46 au zaidi nyuma yanatosha kwa mipando ya huku. Zile za mtumba zenye spoketi tatu mbele, tumia ndogo kabisa bila aibu, ila usiivushe cheni ndogo mbele na ndogo nyuma, maana italegea na kurukia fremu.

Kwenye changarawe usisimame juu ya pedeli. Uzito ukitoka gurudumu la nyuma, linateleza papo hapo. Sogea kwenye ncha ya siti, shusha kifua, viwiko vielekee chini. Ukishindwa, shuka upande wa kushoto wa kinjia na utoke njiani. Anayekufuata akisimamishwa katikati ya mpando hawezi kuanza tena.

Kushuka

Ajali nyingi zinatokea hapa, na nyingi zinatokana na watu kubanana. Kila mtu amwache wa mbele yake kwa mita 30 au zaidi, na kwenye korongo lenye mawe washuke mmoja mmoja, anayefuata aanze baada ya kusikia filimbi ya aliyefika chini. Siti ishushwe sentimita 3 hadi 5. Zungusha utepe wa gundi kwenye nguzo ya siti kuonyesha kimo cha kawaida, usipoteze muda kuipima tena.

Pedeli ziwe sawa kwa sawa, hakuna mguu ulio chini. Magoti na viwiko vimepinda, nyonga imerudi nyuma kidogo. Macho yaangalie mita kumi mbele. Ukilikodolea jiwe, utalifuata. Breki zote mbili zitumike, ya mbele kwa kidole kimoja na kwa upole. Wapo wanaoogopa ya mbele na kutumia ya nyuma peke yake, gurudumu linafunga na kuburuzika, na anayeburuzika hana breki tena. Punguza mwendo kabla ya kona na kabla ya mchanga, kisha achia ukiwa ndani yake. Mchangani shika usukani kwa ulegevu, gia iwe nzito kidogo, nyonga bila kukatisha.

Mvua huchimba mifereji inayofuata urefu wa njia. Gurudumu la mbele likiingia humo sambamba na mfereji, linakwama na usukani haugeuki. Ukilazimika kuuvuka, uvuke kwa pembe iliyo karibu na mraba uwezavyo. Kanuni ni ile ile kwa reli: vukeni kwenye kivuko tu, gurudumu likikata chuma kwa pembe ya mraba, na chuma kikiwa na umande mshuke msukume. Njia ya treni ya umeme, SGR, iliyoanza kubeba abiria 2024, imezungushiwa uzio na ina vivuko vyake. Uzio usirukwe hata kama kinjia chenu kinaonekana kinaendelea ng'ambo. Treni hizo zinakuja kwa kasi na kimya kuliko zile za zamani.

Neno kuhusu baiskeli za mtumba za Kijapani zenye kapu mbele. Breki ya nyuma kwenye nyingi ni ya ngoma, na kwenye mteremko mrefu inapata moto hadi inapoteza nguvu. Mwenye nayo tunampokea kwa njia ya Pugu hadi Kisarawe na vinjia vya jirani. Kwenye makorongo ya msitu wa Kazimzumbwi hapana, hata awe na miguu ya chuma.

Mkoba wa vipuri wa kundi

Dar kundi moja linaweza kuwa na aina tatu za valvu: ile nene kama ya gari, ile nyembamba yenye kikofia cha kulegeza, na ile ya baiskeli za Foniksi na za Kijapani yenye kipira ndani. Hakikisheni pampu inazihudumia zote, pamoja na kile kiunganishi kidogo cha shaba. Kipira cha valvu ya tatu kikichakaa, upepo unatoka polepole na watu wanaziba tyubu isiyo na tundu. Bebeni vipira viwili vitatu. Valvu nene haiingii kwenye ringi yenye tundu la milimita 6.5, kwa hiyo tyubu za akiba ziwe na valvu nyembamba, ambayo inakaa hata kwenye tundu kubwa.

Kipimo nacho kinadanganya. Tairi ya "26" ya baiskeli ya mlimani ni ya ringi ya milimita 559. "26" ya Kijapani ya inchi 1 3/8 ni ya ringi ya 590. Tairi hizo hazibadilishani hata ufanyeje. Someni namba ndogo ubavuni mwa tairi, ndiyo yenye ukweli. Tyubu ina huruma zaidi: ya 26 inavutika ikaingia kwenye 29 kwa kurudia nyumbani.

Mengine: elenki za milimita 4, 5 na 6, spana ya 15 kwa nati za magurudumu na pedeli (ya kushoto hukazwa kinyume cha saa), kifaa cha kusukumia pini ya cheni, viungo vya cheni vya gia 9 hadi 12, waya moja ya breki na moja ya gia, kisikio cha akiba ambacho kila mwenye baiskeli anajibebea chake kwa kuwa havifanani, vifungio vya plastiki, na kipande cha tairi kuukuu urefu wa kidole. Hicho cha mwisho kinawekwa ndani ya tairi iliyochanika ubavuni, tyubu isichomoze.

Kiraka kinachobanduka kilibandikwa kwenye solusheni mbichi. Parua tyubu, paka solusheni nyembamba yenye eneo kubwa kuliko kiraka, subiri kama dakika 5 mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike na kubana kwa nguvu. Njiani ni bora kuweka tyubu nzima na kuziba iliyotoboka mkifika kivulini.

Kisikio kikikatika na cha akiba hakipo, safari haijaisha. Kata cheni, toa kibadili gia, pitisha cheni moja kwa moja kutoka mbele hadi spoketi ya kati nyuma ambapo inanyooka, ipunguze ikae bila kulegea, iunge. Umebaki na gia moja, mipando utatembea. Kwa baiskeli yenye shokapu ya nyuma acha ulegevu kidogo, maana shokapu ikibonyea urefu unaohitajika hubadilika na cheni iliyokazwa sana inakatika.

Maji na chakula

Lita 3 kwa kila mtu kwa safari ya saa nne. Lita moja kati ya hizo iwe na chumvi: pakiti ya ORS, au vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwa lita moja ya maji safi. Maji matupu kwa wingi yanapunguza chumvi mwilini, na mtu anaanza kichwa kuuma na kichefuchefu huku akiendelea kunywa. Kula kila dakika 45 kabla njaa haijauma: ndizi, tende, kashata, kiazi kitamu cha kuchemsha. Anayeongea maneno yasiyoeleweka au kuyumba akiwa amesimama amezidiwa na joto. Mlaze kivulini, mlowanishe mwili mzima, mpepee, na mtafute gari la kwenda Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe au piga 112. Asipandishwe baiskeli tena siku hiyo, hata akisema amepona.

Wenye njia

Hivi vinjia vina wenyewe. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ni hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Mpite ofisini kwao kwanza, mlipe kiingilio, mwulize ni njia zipi zinaruhusiwa. Mkipita karibu na uwanja wa nyumba, shukeni, pigeni hodi, msukume. Mzee anaamkiwa na kila anayepita, maana shikamoo ya kiongozi haiwasalimii watu kumi na moja walio nyuma.

Mtakutana na wabeba mkaa wakishuka kuelekea mjini, magunia mawili au matatu nyuma, yamepita kichwa cha mwenye baiskeli. Breki yake mara nyingi ni soli ya kandambili kwenye tairi. Hawezi kusimama, na akisimama hawezi kuanza. Anayemwona kwanza apige filimbi na kundi zima litoke nje ya njia upande mmoja. Mkigawanyika pande mbili mnampunguzia upana anaouhitaji kuyumba nao.

Mkirudi

Usiipeleke baiskeli kwenye mashine ya kuoshea magari. Maji yale ya nguvu yanaingia kwenye beringi za habu (kitovu cha gurudumu) na za foku, yanasukuma grisi nje, na baada ya wiki mbili unasikia mkwaruzo. Ndoo, sabuni kidogo, brashi laini. Kausha cheni kwa kitambaa, weka tone moja la mafuta mepesi kwenye kila kiungo, subiri, kisha futa kila kinachobaki nje. Mafuta ya cherehani yanafaa ingawa hayadumu. Oili chafu ya injini inashika mchanga, na mchanga ndani ya oili unasaga spoketi. Wanaokaa Kigamboni au Mbezi Beach waongeze kupangusa cheni katikati ya wiki, chumvi ya bahari haisubiri Jumapili.

Chukua rula ya inchi 12, weka sifuri katikati ya pini moja ya cheni. Pini ya 24 kutoka hapo iangukie inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, nunua cheni mpya sasa; ikifika 1/8, spoketi za nyuma nazo zimekwisha na gharama imekuwa mara tatu au zaidi. Angalia pedi za breki, zikiwa chini ya milimita 1 zitolewe, na mpya zifanyiwe mazoezi kwenye mteremko wa lami, Makongo Juu kwa mfano: ongeza mwendo, punguza taratibu bila kusimama kabisa, mara ishirini hivi, mpaka uzisikie zimeanza kushika. Pedi ambazo hazijafanyiwa hivyo zisiletwe Kazimzumbwi.